Futari, mwendo na kile kidonge cha chini ya ulimi

Mjomba wangu mishipa yake ya moyo imeziba nusunusu, na Ramadhani ndo balaa zaidi, manake anashiba futari alafu hapo hapo anainuka mbio kwenda tarawehe, njiani kifua kinambana. Nyumbani wanasema gesi. Gesi gani hiyo inakuja ukitembea na kuondoka ukisimama?

Moyo hautumii ile damu inayopita ndani yake, una mishipa yake wenyewe juu juu, ukitulia inapitisha kama mililita 250 kwa dakika. Sasa misuli ya miguu ikizidiwa na kazi inavuta oksijeni zaidi kwenye damu ile ile, lakini moyo hata umepumzika ushachukua karibu robo tatu ya oksijeni hiyo, hauna pa kuongeza, lazima damu yenyewe iongezeke. Tena upande wa kushoto unapata damu yake hasa pale moyo unapolegea kati ya pigo na pigo, mapigo yakienda mbio huo muda ndo unapungua.

Ukishiba, tumbo linadai damu, ukitembea miguu nayo inadai, moyo unalazimika kupiga zaidi na mshipa wake umebana. Daktari Mwingereza William Heberden aliliandika hili karne ya 18, kwamba maumivu huwashika watu wakitembea, hasa kupanda mlima na wakiwa wametoka kula.

Kile kidonge cha nitroglisirini, cha kuweka chini ya ulimi kifua kikibana, wengi wanadhani kinazibua mshipa. Hakizibui! Kinalegeza mishipa mwilini, damu inayorudi moyoni inapungua, mzigo unashuka, na presha nayo inashuka ndo maana mjomba anakaa kwanza kabla ya kukiweka. Dawa nyingine, atenolol, inapunguza mapigo ya moyo. Miraa ni kinyume chake, mapigo juu presha juu, na inaweza kuibana mishipa ya moyo yenyewe.

Alafu wazee wetu wananunua Viagra, dawa ya nguvu za kiume, kimya kimya (ilianza kujaribiwa kama dawa ya kifua hiki cha moyo, wallahi) na hawamwambii daktari. Ukichanganya na nitroglisirini presha inaweza kuporomoka hadi kuua.

Mjomba siku hizi anafungua kwa tende na uji kidogo, chakula kizito hali tena kabla ya kutoka, na msikitini anaenda polepole. Tumeshaambizana pia, akiweka kidonge na baada ya dakika 5 kifua bado, hakuna kusubiri, ni hospitali.