Siku moja na spirometa Lubumbashi

Saa kumi alfajiri umeme upo, kwa hiyo nimeamka. Kwetu Katuba umeme una saa zake, na anayeandika tasnifu huzifuata. Kompyuta inachaji, spirometa, mashine ya kupima pumzi, inachaji, nami napitia vipimo vya jana kimoja kimoja. Mchoro wa pumzi uliopanda ghafla na kushuka taratibu naubakiza. Wenye kikohozi ndani ya sekunde ya kwanza nautoa, hata kama namba zake zinapendeza.

Nasomea uzamivu wa fiziolojia, na swali langu ni fupi: mtu mzima wa Lubumbashi asiyeumwa, asiyevuta sigara, mapafu yake hutoa hewa kiasi gani? Mashine haiwezi kusema fulani ana mapafu madogo mpaka iwe na mtu wa kumlinganisha naye. Katika majedwali ya kulinganishia ya GLI, mradi wa kimataifa wa vipimo vya mapafu, ya 2012, yaliyomo ndani ya mashine nyingi, kundi la watu weusi ni la Wamarekani weusi. Mwaka 2022 likatoka jedwali jipya lisilowagawa watu kwa rangi. Mama mmoja wa hapa, pumzi yake ileile, huenda jedwali la kwanza likamwona mzima kabisa na la pili likamweka karibu na mpaka wa ugonjwa. Katika mji wa migodi hilo si jambo dogo. Namba kama hiyo inaweza kuamua nani afaa kwa kazi, na nani akubaliwe kwamba vumbi limemuumiza.

Saa moja asubuhi niko ndani ya teksi-basi, sirinji ya lita 3 ya kuhakikia mashine nimeipakata. Ni Agosti, kiangazi, vumbi jekundu linaingia hata madirisha yakifungwa.

Saa mbili nafika kituo cha afya na kuanza kupima mashine yenyewe. Naisukumia hewa ya sirinji polepole, kisha kwa mwendo wa kati, kisha kwa kasi. Kila mara lazima isome lita 3, tofauti isizidi asilimia 3. Halafu nasoma kipimajoto na kipimo cha mgandamizo wa hewa. Tuko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapa mgandamizo ni kama milimita 660 za zebaki, si 760 za pwani. Joto ndilo la kuchunga zaidi. Pumzi hutoka mwilini ikiwa na nyuzi 37 na unyevu tele, ikifika kwenye mashine inapoa na kusinyaa. Chumba hiki asubuhi kina nyuzi 17, mchana kinafika 30. Nisiposahihisha, pumzi ileile inaweza kusomeka na tofauti ya karibu asilimia 7 kati ya asubuhi na mchana. Ndiyo maana nasoma kipimajoto kabla ya kila mtu.

Saa tatu anaingia mama anayeuza ndakala, dagaa wakavu, soko la Kenya hapahapa mjini. Anakaa, ananitazama.

“Miye niko muzima, mutoto yangu. Sasa munapima nini?”

“Ndiyo sababu nakutafuta wewe, mama. Wagonjwa wanapimwa kila siku. Wazima hatuwajui.”

Anacheka, anakubali, anatia saini. Kwanza urefu, bila viatu. Namwomba avue kitambaa cha kichwa, kisha nashusha ubao mpaka uguse fuvu, si misuko. Sentimita tatu za nywele zingemfanya aonekane mrefu, mashine ingemdai mapafu makubwa kuliko aliyo nayo, na mtu mzima angegeuka mgonjwa kwenye karatasi. Kisha napima urefu wake akiwa ameketi, maana kifua ndicho kinachobeba mapafu, wala si miguu, na watu wa kimo kimoja hawalingani kiwiliwili.

Kibanio puani, midomo imefumbata mrija. “Vuta, vuta, vuta… puliza! Endelea, endelea, bado, bado!” Mara ya kwanza anaacha mapema. Ya pili anakohoa. Tunapumzika, anakunywa maji, tunarudia mpaka tupate pumzi tatu safi, na mbili bora zisipishane zaidi ya mililita 150. Anapomaliza, jasho linamtoka. “Hii ni kazi kuliko kubeba kapu,” anasema, na namwamini.

Swali linalonisumbua zaidi limo kwenye dodoso: unapika kwa kutumia nini? Makala, yaani mkaa. Karibu kila mama anajibu hivyo. Nikiwatoa wote, sibaki na wanawake. Nikiwaacha wote, moshi nao unaingia katika kile nitakachokiita kawaida. Kwa hiyo nauliza anapika ndani au nje, na kwa miaka mingapi, naandika kila kitu.

Saa saba nakula bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, haraka.

Saa nane nasimamia mazoezi ya wanafunzi kitivoni. Leo ni shinikizo la damu. Nawazuia kukisoma kifaa kabla hawajamwacha mtu akae kimya dakika tano, kwa sababu mkono unaozoea kukimbilia namba ni vigumu kuufundisha upya.

Saa kumi na moja nakutana na profesa anayenisimamia. Anataka wapikao ndani watolewe kabisa katika hesabu kuu. Mimi nashikilia wabaki kama kundi la pili, hesabu zifanywe mara mbili na msomaji aone moshi umepunguza nini. Namkumbusha kwamba katika karne ya 19 Samuel Cartwright, daktari wa Marekani aliyetetea utumwa, aliitumia spirometa kudai kwamba mapafu ya mtu mweusi ni hafifu kwa asili. Tukificha mazingira tena, tutasingizia mwili tena. Profesa ananyamaza, anachora jedwali kwenye ubao, safu mbili. “Nionyeshe zote Ijumaa,” anasema.

Saa mbili usiku Katuba haina umeme, lakini betri ya kompyuta ina saa mbili. Naandika upya sura ya mbinu: mstari wa vigezo vya kuwatoa watu unafutwa, na mahali pake zinaingia safu mbili, wapikao ndani na wapikao nje.