Popi Alipanda Hawksbill kwa Miguu Yake

Popi, mbwa wetu, ana kilo 4 na ushee, tumbo lake liko shubiri moja tu kutoka ardhini, na mwanzoni mwa Juni alipanda Hawksbill, kilele kirefu kuliko vyote katika Hifadhi ya Taifa ya Shenandoah, Virginia, bila kubebwa. Tangu wenzetu wa hapa Maryland waone picha zake, wenye mbwa wadogo hawaachi kuniuliza kama kweli inawezekana. Inawezekana. Na naliamini jambo hili kwa moyo wote: mbwa mdogo apewe nafasi ya kutembea. Siku hizi kila njia ya mlimani utakuta watu wamewatia ndani ya mabegi, kichwa kimetokeza kwenye zipu, mbwa ananusa upepo tu na ardhi haigusi. Kubebeka kwake kusimnyang'anye safari.

Tulimchukua kwenye kituo cha kutunza wanyama waliokosa wenyewe. Karatasi zake zinasema Chihuahua mchanganyiko. Masikio yanakubali, zile ndevu za kidevuni ni za kabila lingine kabisa. Jina alipewa na binti yetu Neema, na mama yangu alipolisikia kwenye simu alisema hata mbwa wa jirani kule kwetu Marangu, Kilimanjaro, anaitwa Popi.

Mama ndiye aliyeifanya safari hii iwe ya pekee. Amekuja kututembelea tangu Aprili, na kwa wiki za mwanzo yeye na Popi walikuwa wakipishana tu sebuleni. Kwetu mbwa hulala nje, mchana anafungwa, usiku anaachiwa alinde mji, na chakula chake ni ugali uliobaki na vichwa vya dagaa. Mama hajawahi kumpiga mbwa wala kumlaza na njaa. Ila kumtia mbwa kwenye gari kwenda kutembea, hilo lilikuwa geni. Usiku wa kuamkia safari alinikuta jikoni napanga vitu, akauliza, "Na haya maji ya chupa ni ya nani?" Nikamwambia ni ya Popi. Akaongeza chupa nyingine kwenye mfuko, akaenda kulala.

Tulichagua Shenandoah kwa sababu ya Popi. Katika hifadhi nyingi za taifa za Marekani mbwa huishia kwenye maegesho, kambini na kando ya barabara za lami. Njia za msituni haruhusiwi. Shenandoah ina zaidi ya maili 500 za njia, sawa na kilomita 800, na sehemu kubwa kabisa ya hizo mbwa anakaribishwa mradi awe kwenye kamba isiyozidi futi 6. Njia zilizokatazwa ni chache, lakini ndimo zilimo zile maarufu: kupanda Old Rag kwenye majabali, Bearfence, Stony Man, Limberlost, na ile fupi ya kwenda maporomoko ya Dark Hollow. Baba Neema alikuwa na hamu sana na maporomoko. Tuliyaacha. Kumwacha Popi ndani ya gari Juni, hata kwa dakika chache, hakufai.

Huko nyumbani Tanzania swali hili lisingekuwepo. Hifadhi za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, haziruhusu mbwa kabisa, na ninaiheshimu sababu yake. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa virusi unaokaa kwa mbwa wa kufugwa, uliingia Serengeti ukaua karibu theluthi moja ya simba wa pale. Kila nikifikiria hilo naona uzito wa chanjo. Shenandoah kuna mbweha, kuna rakuni, kuna dubu weusi, na mgeni wa kilo 4 anaweza kuwaachia maradhi, kama wao wanavyoweza kumpa yeye. Popi alikuwa na chanjo zote, ya kichaa cha mbwa na ya distempa, na daktari alishampa kidonge cha kupe cha mwezi. Mwenye mbwa ambaye hajachanjwa, naomba kwa heshima asimpeleke msituni.

Tuliondoka kabla ya jua kuchomoza. Tulishika barabara ya 66, kisha 211 kupitia Warrenton na Sperryville hadi lango la Thornton Gap. Gari moja ni dola 30, na tiketi inatumika siku 7. Ukishaingia uko kwenye Skyline Drive, barabara ya maili 105 inayopita mgongoni mwa milima ya Blue Ridge, na mwendo wa juu ni maili 35 kwa saa. Ukielekea kusini, punde tu unaingia handaki la Mary's Rock, lililotobolewa kwenye mwamba mwaka 1932. Neema alipiga kelele za furaha, Popi akasimama mapajani mwa bibi yake kuangalia kiza. Alikuwa amekula nusu ya chakula chake cha asubuhi, mapema, kwa sababu kona za mlimani humchafua tumbo, na mbwa wa umbo lile hafai kushinda na njaa kabisa, sukari ya mwilini hushuka haraka. Vipande vya kuku wa kuchemsha vilikuwa mfukoni mwa Baba Neema.

Hawksbill ina njia zaidi ya moja. Ile ya chini inapanda kwa ukali kupitia mawe. Sisi tulianzia maegesho ya Upper Hawksbill, kwenye maili ya 46 na ushee ya Skyline Drive: kwenda na kurudi ni kama maili 2.1, yaani kilomita 3.4, na mpando wake ni wa taratibu. Kwa mtu mzima ni matembezi ya asubuhi. Kwa Popi hesabu ni nyingine, maana hatua yangu moja kwake ni hatua nyingi mno, na mzizi ambao mimi siuoni ni ukuta kwake.

Nilimwachia atangulie, kamba ikiwa legevu, nikamtazama anavyofanya. Kwenye mzizi mnene hakurukia. Aliweka miguu ya mbele juu, akatulia, akanusa upande wa pili, kisha akavuta nyuma yake kwa mpigo mmoja, makucha yakikwaruza gome. Palipokuwa na ngazi ya mawe alikwenda pembeni kabisa, kwenye udongo, akakata kona na kutokea juu. Hakuna aliyemfundisha. Katika nyumba yetu ya zulia sikuwahi kumwona akifikiri hivyo kwa miguu. Masikio yalikuwa wima, mkia juu, na kila hatua kadhaa aligeuka kuhakikisha wote tupo. Alikuwa na mkanda wa kifuani, si ukosi wa shingoni tu. Mbwa wadogo koromeo lao ni laini, na mkanda ukivutika haumkabi.

Katikati ya msitu mama alininyooshea mkono, tusimame. Mbele yetu, kama hatua 20, alikuwepo kulungu jike, yule mwenye mkia mweupe kwa chini. Hakukimbia. Aliinua mguu wa mbele akaupiga chini, pu, akatulia, akaupiga tena, macho kwa Popi. Popi alibweka mara moja, kamba ikakaza.

"Ana mtoto karibu," mama alisema. "Mrudishe huyo nyuma, Mama Neema. Msipite."

Nilimnyanyua Popi mara hiyo, tukarudi nyuma polepole na kungoja mpaka mnyama alipoingia vichakani. (Niseme wazi kwa wanaohesabu: hapo nilimshika, nikamshusha palepale tulipokuwa. Mpando aliumaliza mwenyewe.) Kulungu huzaa kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Juni, na jike mwenye kitoto anaweza kumshambulia mbwa kwa kwato. Kwa mbwa wa kilo 4 pigo moja linatosha. Nawasikia watu wakilalamika kwamba sheria ya kamba ni ya kuwabana mbwa wakubwa tu, eti kadogo hakana madhara. Kamba ile inamlinda kadogo kuliko mwingine yeyote.

Juu kidogo njia ya msituni inaungana na barabara ya changarawe ya magari ya zimamoto. Kivuli kinapungua hapo. Popi aliendelea kutembea vizuri, mimi sikuona tatizo, lakini mama alikuwa anamwangalia kwa jicho la mfugaji.

"Simameni. Joto limeanza kumzidi."

"Umejuaje, mama? Mbona anakwenda?"

"Tazama ulimi ulivyotanuka nchani. Anakwenda kwa sababu ninyi mnakwenda."

Tulikaa chini ya mti. Nilimlowesha tumbo na nyayo, akanywa maji kwenye bakuli la kukunja, kidogo kidogo. Maji ya vijito hatumpi, yana vijidudu vya tumbo. Mama alimkagua kila unyayo, akitenganisha vidole kwa kidole gumba, akatoa kijiwe cha changarawe kilichokwama. Ni mikono ileile inayokagua ng'ombe wa ndani kila asubuhi, na sikuwahi kuiona ikimshika Popi kwa muda mrefu kiasi kile. Alisema maneno yake niyaandike yalivyo: "Mnyama haongei, mwanangu. Wewe ndiye uongee kwa ajili yake."

Kileleni kuna jukwaa la mawe, na karibu yake kibanda cha mawe cha kujikinga mvua. Futi 4,051, mita 1,235. Magharibi unaona bonde la Page, mji wa Luray, na mlima Massanutten umelala kwa urefu. Hewa ilikuwa baridi kuliko bondeni, inafika nyuzi 5 za Selsiasi tofauti. Tulifungua chapati na chupa ya chai. Mama aliuliza kama kweli hapa ndipo juu kabisa, na nikamwambia ndiyo, ni chini kuliko lango la Marangu, ambalo liko juu ya mita 1,800. Alizaliwa juu kuliko kilele alichosimama. Lakini misitu ile aliipenda, hasa misonobari michache ya kileleni, na akawa anataja miti ya kwetu akilinganisha.

Ndege wakubwa walikuwa wanazunguka juu yetu. Wengi ni tai wala mizoga, lakini mama alishawahi kupoteza vifaranga vingi kwa mwewe, hivyo hakungoja maelezo. Alimvuta Popi akamfunika kwa upande wa kanga yake, wakakaa hivyo mpaka tulipomaliza kula.

Nilimsimulia pia habari ya ardhi ile, maana naona si haki kuifurahia bila kuijua. Hifadhi ilianzishwa Desemba 1935, na Rais Franklin Roosevelt aliizindua pale Big Meadows tarehe 3 Julai 1936. Kabla ya hapo milima hii ilikuwa na watu. Jimbo la Virginia lilitunga sheria mwaka 1928 ya kutwaa mashamba, na mamia ya familia zikahamishwa. Makaburi yao mengi bado yamo humo msituni. Mama alisikiliza akauliza, "Na majani ya ng'ombe wakawa wanakata wapi?" Kwetu swali hilo lina jina: nusu maili, ule ukanda wa msitu uliowekwa tangu ukoloni ili wanakijiji wapate kuni na majani, na ambao sasa umo ndani ya hifadhi ya Kilimanjaro. Mama amekata majani pale tangu akiwa msichana. Nilimjibu ninachojua, kwamba baadhi walijengewa nyumba na serikali chini ya milima na wengine walijitafutia wenyewe. Tuliongea hayo karibu njia nzima ya kushuka.

Kushuka kulikuwa kwepesi kwa mapafu na kugumu kwa mabega ya Popi, kwa hiyo tulipumzika zaidi kuliko wakati wa kupanda. Wenye mbwa wenye migongo mirefu kama dachshund wawe waangalifu zaidi hapo, na wasiwaache waruke kutoka jiwe hadi jiwe.

Tulipofika nyumbani kazi ilikuwa moja: kupe. Milima hii ina kupe wanaoeneza ugonjwa wa Lyme, na kidonge hakimzuii kupe kupanda mwilini. Kwa kawaida inamchukua kupe zaidi ya saa 24 akiwa ameng'ata ndipo aambukize, kwa hiyo jioni ileile ndiyo ya kutafuta. Tulimweka Popi juu ya taulo, taa karibu. Mimi nilianza mgongoni. Mama akasema kupe mwerevu hakai mgongoni, akaenda moja kwa moja ndani ya masikio, makwapani, chini ya mkanda, chini ya mkia, kisha katikati ya vidole. Mguu wa nyuma wa kushoto alimpata mmoja, mdogo kama ufuta. Nilimtoa kwa kibano, nikimshika karibu kabisa na ngozi na kuvuta wima bila kumkamua, wala mafuta wala moto. Mama alieleza kwamba enzi za ng'ombe wa malishoni walikwenda josho kila wiki, akataka kujua mbwa wa hapa wanakwenda josho gani. Nilimwonyesha pakiti ya vidonge. Aliisoma pande zote, akauliza bei, nikamtajia, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa umbo la huyu ni haki.

Oktoba majani yakigeuka rangi tutarudi. Foleni ya Thornton Gap siku za wikendi mwezi huo ni ndefu mno, kwa hiyo tutaingilia Swift Run Gap siku ya kazi, twende mzunguko wa Rose River. Mbwa wanaruhusiwa pale, na Baba Neema atapata maporomoko yake.