Siku Moja Maishani Mwangu: Kinanda cha Majilio Mjini Kigoma

Saa 11:30 alfajiri. Ni Jumamosi, tarehe 20 Desemba 2025. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi lakini inatumia saa zilezile za Dar es Salaam, kwa hiyo wakati huu kwetu bado ni usiku, na leo ni giza zaidi kwa sababu mwezi haupo. Ninakwenda kanisani kwa mwanga wa simu.

Saa 12:30 asubuhi Misa inaanza, nami ninafungua sauti moja tu ya kinanda, ile nyembamba ya filimbi. Mwongozo wa Misale ya Kirumi, yaani kitabu cha sala za Misa, namba 313, unaelekeza kwamba katika Majilio, majuma ya kungoja Noeli, kinanda na ala nyingine zitumike kwa kiasi kinachofaa kipindi hiki, bila kuitangulia furaha kamili ya Noeli. Wimbo wa Utukufu pia hauimbwi katika Dominika zake, yaani Jumapili za kipindi hiki. Wapo wanaodhani kwamba mpiga kinanda hupumzika katika majuma haya. Ukweli ni kwamba sauti ikiwa nyembamba, kila kosa la kidole husikika hadi benchi la mwisho, na waimbaji waliozoea kubebwa na kinanda hulazimika kusimama kwa miguu yao wenyewe. Baada ya komunyo ninaondoa mikono kabisa na kuacha kimya. Mtunza sakristia mgeni aliwahi kunifuata akidhani umeme umekatika.

Saa 1:30 ninafika mwalo wa Kibirizi, kwenye Ziwa Tanganyika, kwa bodaboda. Wavuvi wa dagaa hutegemea giza, kwa kuwa dagaa hufuata taa, na mbalamwezi huzishinda taa hizo; hivyo siku za mwezi mkubwa wanalala nyumbani na siku za giza hawaonekani kwenye mazoezi ya kwaya yetu. Zamani walitumia karabai, sasa wengi wanatumia balbu za betri, lakini ratiba ya mwezi haijabadilika. Sauti yetu ya besi karibu yote imo ndani ya mitumbwi hii. Kwa kuwa hawawezi kuja kwangu, nimewafuata.

Tunasimama pembeni ya vichanja ambavyo akina mama wanatandaza dagaa wakiangalia mawingu, nami ninaimba kwa solfa, yaani do-re-mi, mstari wa besi wa Zaburi ya 24, ambayo imepangwa leo na kesho pia, Dominika ya nne. Mstari wa pili unasema kwamba Mungu ameiweka dunia misingi yake juu ya bahari na kuithibitisha juu ya mito. Mmoja wao, macho mekundu kwa kukesha, anaurudia mara mbili bila kukosea, kisha anacheka: “Mwalimu, juu ya maji hakuna kilichothibiti, labda yeye aseme.” Sijawahi kusikia mahubiri mafupi kuliko hayo kuhusu zaburi hiyo. Wanaahidi kwamba watatu kati yao hawataingia ziwani usiku huu.

Saa 3:30 niko nyumbani, na hapa ndipo ilipo kazi ninayoipenda kuliko zote za Desemba. Kuanzia tarehe 17 hadi 23 Kanisa huimba, pamoja na Wimbo wa Bikira Maria katika Masifu ya Jioni, antifona saba, yaani viitikio vifupi, ambazo zilikwisha kujulikana katika karne ya 9: Ee Hekima, Ee Adonai, Ee Shina la Yese, Ee Ufunguo wa Daudi, Ee Mapambazuko, Ee Mfalme wa Mataifa, Ee Emanueli. Katika uimbaji wa Kigregoriani zote saba hufuata tuni moja ya ngazi ya pili kati ya ngazi nane za uimbaji huo, inayotua kwenye re, na sikio lililozoea kutua kwenye do hubaki likingoja kitu. Kila siku ninarekodi moja kwa Kiswahili na kuiongezea tafakari fupi, kisha viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wanawapelekea wagonjwa na wazee wasioweza kufika kanisani.

Leo ni zamu ya Ufunguo. Katika tafakari ninawarudisha wasikilizaji kwenye Isaya 22:22, ambapo Eliakimu, msimamizi wa nyumba ya mfalme, anawekewa ufunguo wa nyumba ya Daudi begani. Ufunguo wa begani si huu wetu wa mfukoni. Ni mzigo wa madaraka, na mwenye kuubeba akifungua hapana wa kufunga. Antifona inamwomba huyo aje amtoe gerezani aliyeketi gizani. Ninatua kidogo kabla ya neno “njoo”, kwa maana ninawafikiria wale ambao kwa miezi mingi wanauona mlango kutoka kitandani tu. Ninapofika hapo mvua inapiga bati kwa nguvu na kazi inasimama. Mvua ya Desemba haibembelezwi. Ninarekodi tena inapokatika, jogoo wa jirani akichangia.

Saa 7 mchana nina mwanafunzi wa kinanda, halafu ninapita sokoni Mwanga kununua mchele. Maduka yanapiga nyimbo za Krismasi tangu Novemba; siwalaumu, wao wanauza.

Saa 9:30 tunaanza mazoezi, nusu ya muda kwa ajili ya kesho na nusu kwa Noeli. Dada mmoja wa sauti ya kwanza anainua mkono: “Mwalimu, Noeli ni Alhamisi. Wimbo mmoja tu wa Noeli kesho wakati wa komunyo una ubaya gani?” Ninamjibu kwamba hauna ubaya, ila kesho Injili ya Matayo inamwonyesha Yosefu akiwa bado katika ndoto, na mtoto hajazaliwa. Kaka wa ngoma naye analalamika kwamba kupunguza ala hivi ni desturi ya Wazungu. Hapo ninakataa kabisa. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu Liturujia ya mwaka 1963, namba 119, inataka muziki wa asili wa watu uheshimiwe, na muziki wetu haujawahi kuwa ngoma peke yake. Tuni ya wimbo wa komunyo wa kesho nimeijenga juu ya wimbo wa Kiha wa kubembeleza mtoto niliousikia kwa bibi yangu wa Kasulu, na hakuna bibi anayembembeleza mtoto kwa ngoma. Kaka wa ngoma anacheka, lakini anaimba. Besi ni hafifu kama nilivyotarajia.

Saa 12 jioni tunaimba Masifu pamoja na masista, na Ufunguo wa Daudi unaimbwa bila kinanda. Sista mmoja mzee huanza juu mno kila siku. Leo tumefika mwisho wa antifona kwa shida.

Saa 3 usiku ninapanga karatasi za Misa ya kwanza. Besi wawili wamenipigia simu kwamba watabaki nchi kavu, na wa tatu amesema dagaa ni wengi mno usiku huu, hawezi kuwaacha. Nimehamishia mstari wake kwa tenor mmoja mwenye sauti nzito, na wimbo wa komunyo nimeushusha nusu toni.