Zinia za mbegu ya nyumbani mbele ya kamera, masika hadi kiangazi: uzoefu wangu Dodoma

Maua ya zinia ninayopiga picha ni ya mbegu tunazotunza wenyewe mwaka hadi mwaka. Nyuki huchanganya rangi za matuta jirani, hivyo kila ua mama (ua ninalolichumia mbegu) nalipiga tangu linafunguka hadi kichwa kinapokauka, ili nijue mwakani kilichobadilika. Picha lazima zilingane. Pembeni ya kila tuta kuna kigingi. Stendi inakaa hapo, kimo sentimita 40, lenzi ya milimita 50, basi.

Naanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa mbili nakunja vifaa kabla upepo haujashika kasi. Mwanzoni mwa Machi na Oktoba jua la saa sita hupita karibu na utosi, petali za juu zinatupa kivuli cheusi kwenye za chini. Ikibidi mchana, mtu anishikie shuka nyeupe nyepesi juu ya ua, karibu kabisa bila kuingia kwenye picha. Ikiwa mbali, mwanga unarudi kuwa mkali.

Msumbufu hasa ni ua jekundu. Kamera inapima wastani wa mwanga wote, na majani yakiwa mengi haioni kwamba wekundu umeshafurika. Petali inatoka bapa, haina mishipa. Nashusha mwangaza theluthi mbili za stopu (hatua ya kupimia mwanga kwenye kamera), kisha natazama grafu ya mwanga (histogramu) ya rangi nyekundu peke yake. Kwenye simu, gusa ua na ushikilie mpaka fokasi ijifunge, halafu vuta alama ya jua chini. Zinia nyeupe ina shida yake: udongo wetu mwekundu unaipaka rangi kwa chini. Karatasi nyeupe chini ya shina inatosha.

Masika hayana maneno mengi, mawingu yanafanya kazi ya shuka. Kiangazi ni vumbi. Usinyunyize maji kwanza! Vumbi linageuka tope na kukauka kwa viduara vya kahawia. Pangusa kwa brashi laini kavu, kutoka katikati kwenda nje. Lenzi nabadilishia ndani ya nyumba. Upepo ukikorofisha, nafunga shina kwenye kijiti nje ya fremu na kupiga kwa 1/500 ya sekunde.

Namba ya picha naiandika kwenye bahasha ya mbegu, kwa penseli.