Upande wa Pili wa Zaburi

Mwaka 2001, nikiwa na miaka 14, kiharusi kilimlaza Hawe, nyanya yetu, na maneno yakawa yanamtoka vipande vipande. Shangazi yangu, sista wa Kibenedikto, akapewa ruhusa na Mama Mkuu wa monasteri yao huko bara aje Malindi kumuuguza mama yake. Alishuka basi na kibegi kimoja tu, na ndani yake breviari, kitabu cha sala za kila siku, yenye tepe za rangi nyingi.

Sikuwa nimewahi kuishi na mtu anayesali kwa saa zilizopangwa. Adhana ya alfajiri ilimkuta Shangazi tayari yuko barazani na taa ya chemni, amechora msalaba mdogo mdomoni kwa kidole gumba: "Ee Bwana, uifungue midomo yangu." Yalifuata Masifu ya Asubuhi, kisha uji wa Hawe, kumgeuza, kufua mashuka. Ikifika saa tatu, saa sita, saa tisa, aliweka chini alichoshika, hata kama ni nazi iliyokunwa nusu juu ya mbuzi. Alinieleza kwamba sala hizo zinaitwa hivyo hivyo, ya saa tatu, ya sita, ya tisa, kwa kuwa Wakristo wa kale walihesabu saa tangu jua kuchomoza. Nilifurahi mno kusikia hivyo. Kumbe walihesabu kama sisi!

Kilichonishangaza zaidi ni kunyamaza kwake. Alisoma ubeti mmoja wa zaburi, akanyamaza kwa muda wa ubeti mzima, ndipo akaendelea. Nikamuuliza anasahau nini.

"Sisahau, mwanangu. Kwetu tunakaa pande mbili tukitazamana. Upande huu unasema, ule unajibu. Mimi nawaachia wenzangu nafasi yao."

Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa karne ya 6, inataka zaburi zote 150 ziimbwe ndani ya juma moja. Mzigo huo ni wa watu wengi. Kumwona akiubeba peke yake kuliniuma, nikajitolea kuwa upande wa pili. Akanifundisha kuvuta pumzi penye kinyota katikati ya mstari, nisikimbie, nimsikilize mwenzangu kabla sijasikia sauti yangu. Tulikaa kila usiku kitandani kwa Hawe, yeye kichwani, mimi miguuni, kwa Sala ya Mwisho. Zaburi ya 91 haikosekani hapo katika kanuni yao, kwa hiyo Hawe aliisikia kila siku kabla ya kulala.

Usiku mmoja wa kusi nilichelewa. Nilikuwa nimetumwa dukani, mvua ikanizuia kwenye kibaraza cha jirani. Niliporudi, nimelowa chapachapa, nikasikia sauti ya Shangazi kupitia dirishani: "Hutaogopa hofu ya usiku, wala mshale urukao mchana."

Akanyamaza. Nikavua ndala haraka niwahi kujibu.

"Wala tauni," ikasema sauti nzito, ya kukwaruza, "ipitayo gizani."

Nilisimama mlangoni na sukari mkononi. Hawe, ambaye tangu asubuhi alishindwa kutaja neno maji, alikuwa amefumba macho, akivuta pumzi pale pale penye kinyota. Shangazi hakumtazama wala hakulia. Alimngoja amalize, kisha akaendelea na ubeti uliofuata.