Saruji kwenye ngama: nilivyoupata uvujaji wa mashua

Mashua niliyonunua Lamu ikitia nanga ni kavu, ikipandisha tanga inavuja. Kalafati, yaani pamba inayoziba nafasi kati ya mbao, niliikagua, haina neno. Nilichokitilia shaka ni saruji ambayo mwenyewe wa zamani aliimwaga kwenye ngama (chini kabisa ndani ya chombo, maji yanapokusanyika), karibu na shetri, yaani upande wa nyuma. Saruji ndani ya chombo cha mbao, jamani!

Nikaitindua kwa patasi. Chini yake, tundu la shafti, ile nondo ya kuzungusha rafadha: kumbe iliwahi kufungwa injini, ikatolewa, tundu likapigwa kigingi cha mwembe. Upepo ukikaza, mbao zinajinyonga na kigingi kinacheza. Unyevu uliofichwa na saruji umekula misumari hadi ikawa kama sindano.

Fundi akang'oa kigingi, akatia kiraka cha msaji, pamba iliyolowa mafuta na misumari mipya ya chuma iliyopakwa zinki. Saruji sikuirudisha.