Siku moja maishani mwangu: najifunza kuchora umbali

Saa kumi na mbili asubuhi. Nishasali, na kabla ya chai naigusa picha pembeni kwa ncha ya kidole. Hainati tena. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo iliyoanikwa: mafuta ya kitani hayaruki hewani, yanavuta oksijeni na kuwa magumu polepole. Tabaka hili la kwanza ni la amba tu, udongo wa kahawia wenye manganizi, na manganizi huharakisha kukauka. Nguo ya picha yenyewe ni merikani. Nimeiwamba kwenye fremu na kuipaka rangi nyeupe ya msingi, maana mafuta yakiigusa pamba moja kwa moja huiozesha.

Saa mbili niko Vuga, hapa mjini Zanzibar, kwa mwalimu wangu. Shikamoo, marahaba, kahawa, kisha kazi. Leo ameniwekea nakala ya picha ya Claude Lorrain, mchoraji Mfaransa aliyeishi Roma, ya mwaka 1648, ambayo asili yake iko London: Malkia Bilkisi akiondoka bandarini. Bilkisi tumemjua tangu chuoni, kwenye kisa cha Nabii Suleiman, na mimi nilitazamia kumwona amejaa picha nzima. Kumbe ni mdogo, yuko kwenye ngazi na watu wake. Mwenye picha ni jua.

"Liko wapi, mwanangu?"

"Juu kidogo ya maji, Mwalimu."

"Na giza?"

Nikamwonyesha majengo ya pembeni.

"Basi hilo giza ndilo linalokupeleka kwenye jua. Fumba macho nusu, utaona."

Nikafumba, nikaona. Tangu hapo mpaka adhuhuri tulichanganya rangi tu. Mbele huwekwa kahawia na kijani kizito, katikati kijani kilichopoa, mbali buluu yenye nyeupe nyingi. Hewa iliyo kati ya jicho na mlima hutawanya mwanga wa buluu, ndiyo maana weusi wa mbali hugeuka buluu. Na kadiri unavyokwenda mbali, tofauti ya giza na mwanga inapungua. Hili la pili ndilo gumu, na kwangu ndilo tamu zaidi: mkono unataka kuonyesha kila jani, nawe unauzuia.

Saa saba hadi saa tisa u nusu, dukani Hurumzi. Nachora tingatinga za kuuza, twiga na ndege, kwa rangi ya kung'aa inayokauka upesi. Edward Saidi Tingatinga alianza mtindo huu Dar es Salaam mwaka 1968, na nguvu yake ni kwamba kila kitu kiko mbele, kinakutazama. Naipenda kazi hii, na ndiyo inayoninunulia mirija ya rangi.

Saa kumi napanda daladala ya Bububu, nashuka Maruhubi. Jumba la Sultan Barghash liliungua mwaka 1899, zikabaki nguzo nene zilizopangana na miembe. Claude alikwenda kutafuta magofu ya namna hii nje ya Roma. Sisi tunayapita tukienda sokoni! Pwani hii inatazama magharibi, kwa hiyo jioni nguzo zinakuwa nyeusi dhidi ya mwanga, na visiwa vya Chapwani na Changuu vinafifia nyuma. Nachora kwa makaa, haraka, maana huku kwetu jua likishagusa maji giza haliko mbali. Naandika pembeni ya karatasi: nguzo namba moja kwa weusi, mwembe namba mbili, Changuu namba nne.

Saa mbili usiku, nyumbani. Brashi naziosha kwa tapentaini, kisha sabuni. Matambara yenye mafuta ya kitani nayatia kwenye kopo la maji lenye kifuniko, kwani yakirundikwa makavu hupata joto yenyewe na kuwaka moto. Tabaka la pili nitalianza kwa mbingu, kisha visiwa, nguzo mwisho. Nitalitia mafuta mengi kidogo kuliko lililo chini, maana la juu likitangulia kuwa gumu, picha hupasuka.